Walimu 58, wa hesabu watatu, na binti hayupo wiki tano hakuna aliyeuliza

#1 Mama Kidato
Wadau, naombeni wenye uelewa wa ikama (idadi na mpangilio wa watumishi) za shule za serikali mnisaidie. Mwanangu yuko kidato cha pili, shule ya kata huku pembezoni mwa Ilala. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi. Mkuu wa shule akasoma taarifa: wanafunzi 1,640, walimu 58. Tukapiga makofi, tukajua walimu tunao.

Jioni akaja jirani yangu analia. Binti yake anasoma na mwanangu darasa moja. Kumbe wiki tano hajakanyaga shule. Anatoka nyumbani na sare, anapanda daladala mbili mpaka Mbagala kwa bibi yake mzaa baba, aliyepigwa na kiharusi na hana wa kumgeuza kitandani. Anamwogesha, anampikia uji, jioni anarudi kama katoka shule. Mama mtu anauza chakula Buguruni, anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, na yeye na upande wa mume hawasemeshani. Hakujua.

Shuleni nako hakuna aliyepiga simu. Mwalimu wa darasa ana watoto 84 kwenye daftari la mahudhurio.

Swali langu: hao walimu 58 wamepangwaje, na kumtafuta mtoto asiyeonekana ni kazi ya nani hasa? Sijaja kumlaumu mtu. Nataka kuelewa.

#2 Saruji na Nondo
Pole dada. Ila hesabu haidanganyi: 1,640 gawa kwa 58 ni watoto 28 kwa mwalimu mmoja. Kipimo cha darasa la sekondari ni wanafunzi 40. Hapo walimu wapo, tatizo ni uwajibikaji.

#3 Ticha wa Zamu
Mkuu #2, hiyo 28 ni ya kwenye karatasi. Mimi nafundisha sekondari ya serikali, mwaka wa 14 huu. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuingia kufundisha fizikia. Mama Kidato, rudi ukaulize wako wangapi kwa kila somo, halafu uje hapa tupige hesabu.

#4 Kisiju
Naweka kiti. Uzi huu unamhusu kila mwenye mtoto shule ya kata.

#5 Mama Kidato
@Ticha wa Zamu nimeuliza. Mwalimu wa taaluma ni mtu mwema, kanisomea kwa simu: Kiswahili 9, historia 8, jiografia 8, Kiingereza 7, uraia 6, biolojia 6, kemia 4, fizikia 2, hesabu 3, waliobaki biashara na masomo mengine. Mikondo, yaani madarasa, iko 20.

#6 Ticha wa Zamu
Haya sasa. Kwetu hesabu ina vipindi sita kwa wiki kwa kila mkondo. Mikondo 20 mara sita ni vipindi 120. Gawa kwa watatu, kila mmoja ana 40. Wiki nzima kwetu ina vipindi 40! Yaani mwalimu wa hesabu aingie darasani kengele ya kwanza Jumatatu, atoke kengele ya mwisho Ijumaa, bila kusahihisha daftari hata moja. Haiwezekani, kwa hiyo kuna mikondo ipo kwenye ratiba na haifundishwi. Ukimuuliza mwanao atakwambia "hesabu tunapata mara mbili kwa wiki".

Njoo kwenye Kiswahili. Vipindi vitano mara 20 ni 100, gawa kwa tisa, kila mmoja ana kama 11. Shule moja, stafu moja, mmoja amepoteza sauti na mwenzake ana nafasi ya kunywa chai saa nne na saa saba. Ukichanganya wote unapata 28 kwa mmoja na mzazi anapiga makofi.

#7 Saruji na Nondo
Nimekuelewa mwalimu. Hapo narudisha kauli. Lakini bado hao wa Kiswahili wenye vipindi 11 walishindwaje kumuulizia binti?

#8 Bint Nkasi
Swali la #7 ni zuri na jibu lake halipendezi. Mwalimu mwenye vipindi vichache ndiye anayebebeshwa kazi zisizo na mtu. Shule nyingi za kata hazina mhasibu, hazina katibu muhtasi, hazina mkutubi wala fundi sanifu wa maabara. Kazi zao hazifutiki kwa kuwa watu hawapo. Fedha za elimu bila malipo zinaingia kwenye akaunti ya shule, kuna mfumo wa FFARS wa mahesabu, kuna mfumo wa NeST wa manunuzi. Mfuko mmoja wa saruji unaupitisha kwenye mfumo. Nani anakaa kwenye kompyuta? Mwalimu. Mimi ni wa historia, na mwaka juzi nilitumia muda mwingi kwenye stakabadhi kuliko kwenye chaki.

#9 Kobe wa Tegeta
Mnazunguka. Dar walimu wamejaa kwa sababu ya wanawake kufuata waume. Akipangiwa mkoani anaolewa, analeta cheti cha ndoa, anahamia mjini. Ndiyo maana masomo ya sanaa yamefurika huku na Katavi hakuna mtu.

#10 Bint Nkasi
Kaka #9, jina langu umeliona. Nilikaa Nkasi, Rukwa, miaka tisa. Nimefundisha mvua inanyesha ndani, nimezaa huko watoto wawili na kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa tatu. Nilihamia Dar baada ya mume wangu kupata ajali na kushindwa kutembea. Tuko wengi wenye visa kama hivyo, na wapo wanaume pia waliohama kwa kujuana na mtu, hao huwataji. Uhamisho unapitishwa na ofisi. Mwalimu hajihamishi.

#11 Kobe wa Tegeta
Samahani mwalimu, sikukusudia kukuumiza. Ila hoja ya msongamano bado ipo.

#12 Mzee Mikindani
Shikamooni wakubwa wenzangu, marahaba vijana. Acheni niwarudishe nyuma kidogo. Shule za kata zilichanua baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004. Majengo yalikimbia, walimu wakaachwa nyuma. Ndipo 2006 na 2007 wakachukuliwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja, wakaingia darasani. Walimu wa leseni. Mtaani wakaitwa vodafasta, jina la dharau, na wengi wao walikuwa watoto wenye moyo. Toka enzi hizo mambo hayajalingana. Elimu bure ya 2015 ikaja kuongeza wanafunzi juu ya pengo lile lile.

#13 Karani Mstaafu
Mzee wangu, sahihisho dogo: Waraka namba 5 wa elimu bure ulitoka 2015, utekelezaji ulianza Januari 2016, nao ulihusu mpaka kidato cha nne. Cha tano na cha sita ada ilifutwa 2022.

#14 Mzee Mikindani
Nashukuru mwanangu. Umri.

#15 Mpiga Domo Ukonga
Msisahau vyeti feki! 2017 walimu elfu tisa na ushee walitolewa kwa mkupuo. Pengo lile halikuzibwa.

#16 Karani Mstaafu
Si walimu elfu tisa. Walikuwa watumishi wa umma 9,932 wa kada zote: wauguzi, watendaji, madereva, walimu wakiwemo. Tuwe waangalifu na takwimu, hasa uzi kama huu ambao mzazi atakwenda nao kwenye kikao.

#17 Mpiga Domo Ukonga
Sawa, nimekubali. Ila walimu wakiwemo 😀

#18 Jalada la Mirathi
Nitasema ninachokiona nikiwa halmashauri (si lazima mjue ipi). Sehemu ya fedha za mkopo wa UVIKO wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 yakiwa ya sekondari. Tulikesha na mafundi mpaka Disemba, na watoto wote wakaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Nilijivunia na bado najivunia. Lakini darasa unalijenga mara moja na kuzindua. Mwalimu ukimwajiri akiwa na miaka 26, utamlipa kila mwezi mpaka afikishe 60, halafu pensheni. Ndiyo maana mkopo hujenga ukuta kwa urahisi na hauajiri mtu. Kuta zimetangulia, watu wanafuata kwa kibali cha ajira, na kibali kinahesabu mfuko wa mishahara.

#19 Ajira Portal Mate
Wakuu, mimi ndiye huyo anayesubiri kibali. Nimehitimu 2016, historia na Kiswahili. Mwanzoni mwa 2025 nilikwenda kwenye usaili. Mtihani wa maandishi nilipita, wa mahojiano sikuitwa kazini. Sasa najitolea shule moja ya kata, wazazi wananichangia laki moja na nusu kwa mwezi, miezi mingine inakuja themanini. Kwa hesabu za #6 mimi ni wa ziada, kwa kuwa wa Kiswahili wamejaa. Lakini hapo ninapojitolea ndiye ninayepiga simu kwa wazazi wa watoro. Hakuna aliyenituma. Nina muda na nina salio la dakika.

#20 Mama Kidato
@Ajira Portal Mate Mungu akufungulie. Ungekuwa shuleni kwetu binti wa jirani angeulizwa wiki ya kwanza.

#21 Saruji na Nondo
Hivi michango ya wazazi si ilikatazwa na Magufuli Januari 2018?

#22 Karani Mstaafu
Kilichokatazwa ni michango ya lazima na kumrudisha mtoto nyumbani kwa kutolipa. Wazazi wakikubaliana wenyewe, kwa utaratibu na kibali, mtoto wa asiye nacho asiguswe, hiyo ni habari nyingine. Ugomvi huja pale "hiari" inapoandikiwa tarehe ya mwisho.

#23 Baridi ya Minnesota
Salaam kutoka huku ughaibuni. Nafanya kazi ya msaidizi wa darasa katika sekondari ya umma. Marekani kuna chama cha wanasihi wa shule, ASCA, kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Huyo hafundishi somo, kazi yake ni mtoto na maisha yake. Pembeni yake kuna muuguzi na mtu wa ustawi wa jamii. Mtoto asipoonekana, nyumbani wanapata taarifa siku hiyo hiyo.

#24 Kisiju
Ukirudi likizo tuletee wawili kwenye begi mkuu, Julius Nyerere tutakupokea.

#25 Baridi ya Minnesota
Hahaha. Nisiwadanganye lakini, hapa kwetu pia mnasihi mmoja ana zaidi ya 400. Bajeti ikikatwa huanza kupunguzwa hao, kwa sababu mtihani hauulizi habari zao.

#26 Ticha wa Zamu
#25 umegusa penyewe. Dar es Salaam unasihi unafanywa na mwalimu. Shule yetu tuko wawili, wa kike na wa kiume, nami ni mmojawapo. Nina vipindi 26. Nilihudhuria semina, nikapewa kitini, nikarudi. Ofisi ya unasihi ni stoo ya vitabu. Mtoto akija kuniambia baba wa kambo anamgusa, anasimama katikati ya maboksi, na kila baada ya dakika tano mtu anagonga anataka vitabu vya Kiingereza. Nimejaribu kuwasikilizia stafu, chumba cha walimu, ikawa mbaya zaidi. Kuna meza 30 pale, na mtoto akishaona mwalimu wa pembeni kageuza shingo, ananyamaza na harudi tena.

Nitasema na hili, maana linaniuma. Kwa miaka miwili nilikuwa mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa unasihi kwa wakati mmoja. Asubuhi nashika fimbo kwa waliochelewa, mchana nawaita waniambie shida zao. Nani angeniambia? Binti aliyechelewa kwa sababu makondakta hawataki wanafunzi, nimempiga saa moja, saa nane namuuliza "unaendeleaje nyumbani?" Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba niachie kimoja. Nikaachia fimbo.

#27 Bint Nkasi
Mwalimu #26 nimekusoma mara mbili. Asante.

#28 Karani Mstaafu
Kwa faida ya wazazi: kanuni za viboko za 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi kwa tukio husika, visizidi vinne, na iandikwe kwenye daftari. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike. Mstari wa wachelewaji getini haumo kwenye kanuni hiyo.

#29 Ticha wa Zamu
Ni kweli, na mimi ni wa kiume. Sikuijua kanuni hiyo mpaka mwaka wa sita wa kazi. Sijitetei.

#30 Konda Rangi Tatu
Nimekuwa kondakta Mbagala–Kariakoo miaka 11, sasa nina genge. Wengi mnatutukana kwa ajili ya nauli ya mwanafunzi, shilingi 200, na mna haki. Lakini nataka kumwambia Mama Kidato: sisi tulikuwa tunawaona. Saa nne asubuhi, mtoto wa sare anateremka Rangi Tatu na mfuko wa dawa mkononi. Unajua huyu hajaenda shule. Unamwuliza, anasema "tumeruhusiwa mapema". Saa nne! Nilikuwa nawaacha wapande bure wengine. Sikuwahi kufikiria kuna mtu wa kumwambia. Ningempigia nani?

#31 Mama Kidato
@Konda Rangi Tatu umenitoa machozi kaka. Hilo ndilo swali langu la mwanzo. Ungempigia nani?

#32 Jalada la Mirathi
Kwa utaratibu: mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa elimu kata, afisa ustawi wa jamii. Shida ni kwamba afisa ustawi anabeba kata nzima au zaidi, na mezani kwake kuna ndoa, matunzo ya watoto, wazee, ukatili. Utoro unasubiri.

#33 Kobe wa Tegeta
Na wazazi je? Mtoto wiki tano hayupo, mama hajui, daftari la mtoto hafungui? Tusitupe kila kitu shuleni.

#34 Mama Kidato
Kaka, huyo mama anarudi saa mbili usiku na masufuria mgongoni. Daftari anafungua, ila ameishia darasa la nne. Binti alikuwa anakopi notsi kwa mwanangu kila Jumapili ili daftari lijae. Mwanangu alijua! Nimemuuliza kwa nini hukuniambia, kasema "aliniapisha, mama, bibi yake angekufa". Mtoto wa miaka 14 ndiye alikuwa mnasihi pekee wa shule nzima.

#35 Mwanafunzi wa 2022
Sijawahi kuchangia, leo nimeshindwa kukaa kimya. Nilipata mimba kidato cha tatu, nikafukuzwa. Novemba 2021 serikali ikatangaza turudi, nikarudi 2022 nikiwa na mtoto wa miezi minane. Ruhusa ilikuwepo, lakini siku ya kwanza sikujua nisimame mstari gani. Wanafunzi wananiita mama fulani. Mwalimu mmoja wa biolojia alinipa kiti nyuma, akanipangia muda wa kwenda kunyonyesha saa nne, nyumbani ilikuwa karibu. Hakuwa mnasihi kwa cheo. Alipohamishwa kwenda shule nyingine ya pembezoni kwenye ule msawazo wa walimu, nikakaa miezi miwili na nikaacha tena. Nilimalizia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenye makaratasi alihama mwalimu mmoja wa sayansi tu.

#36 Ticha wa Zamu
Mdogo wangu #35, hongera sana kwa kumaliza.

#37 Saruji na Nondo
Kuhusu msawazo. Si 2017 na 2018 walichukua wa sanaa waliozidi sekondari wakawapeleka shule za msingi? Kwa nini bado wamejaa?

#38 Jalada la Mirathi
Walipelekwa, wengine wakarudi kwa vikao na vimemo, na vyuo vikaendelea kutoa wa sanaa kila mwaka. Kuongeza mwalimu wa fizikia huwezi bila kwanza kuwa na mtoto aliyefaulu fizikia, naye anatoka kwa mwalimu wa fizikia ambaye hayupo. Na akifaulu vizuri hataki ualimu, anataka uhandisi.

#39 Bint Nkasi
Sikubaliani na #38 kwamba wamejaa tu. Mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili kwa wote, na biashara. Mnaowaita wa ziada leo watahitajika kesho. Na hata wakizidi, kwa nini ziada iitwe hasara? Punguza vipindi vya mmoja wao rasmi, mfunze unasihi kwa kozi ya kweli, si semina ya siku tatu, mpe chumba chenye mlango. Hiyo haihitaji ajira mpya.

#40 Jalada la Mirathi
Itahitaji kada ya unasihi itambulike kwenye muundo wa utumishi. Akibaki mwalimu wa historia kwenye ikama, mwaka ujao mwingine atamhamisha kwa kuwa "hana vipindi".

#41 Mpiga Domo Ukonga
Na vile vishikwambi vya sensa walivyogawiwa walimu? Si vingepiga mahudhurio kila asubuhi na kumtumia mzazi ujumbe?

#42 Ticha wa Zamu
Changu kioo kimepasuka, natumia kuandaa somo. Bando nanunua mwenyewe. Lakini wazo si baya.

#43 Kisiju
Jamani tuisheni hatujaigusa. Mwalimu wa hesabu wa vipindi 40 jioni ana darasa lake mtaani la elfu moja moja kwa siku, na huko ana nguvu.

#44 Ticha wa Zamu
Yapo hayo. Siwezi kuyakana na siwezi kuyamaliza kwa posti moja. Fungua uzi wake, nitakuja.

#45 Mama Kidato
Mrejesho, wadau. Leo asubuhi tumekwenda wazazi sita. Hatukuuliza walimu wangapi, tumeuliza kwa somo, kama mlivyonifundisha. Mkuu wa shule akanyamaza kidogo, akafungua kabati, akatuonyesha nakala za barua alizoandika kuomba walimu wa hesabu na fizikia. Zilikuwa nne, ya kwanza ya 2022. Akasema katika wale 58 wawili wako masomoni, watatu likizo ya uzazi, mmoja ameazimwa ofisi nyingine. Yeye mwenyewe anafundisha kemia vipindi 12. Nilikwenda na hasira, nikarudi sina wa kumkasirikia, na hilo limenichosha zaidi.

Tumekubaliana wazazi wawili kila mkondo wachukue majina ya wasiofika kwa mwalimu wa darasa saa tatu asubuhi, wapige simu nyumbani. Mkuu kasema ataliweka kwenye kikao cha bodi kwanza.

#46 Karani Mstaafu
Hongereni. Angalizo: majina na namba za simu za watoto zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp. Mambo ya nyumbani mtakayoyasikia yaishie kwa mwalimu.

#47 Bint Nkasi
Na akipatikana binti kama yule, mzazi wa zamu afanye nini baada ya kujua? Simu ni mwanzo tu. Nani anakwenda Mbagala kumgeuza bibi?

#48 Konda Rangi Tatu
Mama Kidato, huyo bibi anakaa mtaa gani? Genge langu liko Rangi Tatu kwa ndani, mke wangu yuko nyumbani mchana. Nitumie ujumbe pembeni, usiandike hapa.

#49 Mama Kidato
Nimekutumia kaka. Binti kaingia shule Jumatano. Hesabu hawakuwa na mwalimu.